Majina Yaliyosomwa Mstarini: Uchambuzi wa Kisa cha Haki za Binadamu Shuleni

## Shule na desturi yake

Shule ninayoizungumzia ni ya sekondari, ya kutwa, ya wavulana na wasichana. Jina lake, mahali ilipo na majina ya wahusika nimeyaondoa, na mambo madogo ambayo yangeweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha. Niliitwa pale kama mkufunzi wa walimu wa somo la uraia, mambo yakiwa yameshaharibika. Ninayoyaeleza nimeyapata kwa kuzungumza na wanafunzi, walimu, mzazi mmoja na mkuu wa shule, na kwa kusoma daftari la nidhamu pamoja na karatasi za jaribio nitakazozitaja mbele.

Kwa vipimo vilivyozoeleka, shule hii ilikuwa ikifundisha haki za binadamu, tena vizuri. Mada ilikuwemo kwenye mtaala, vitabu vilikuwepo, na mwalimu wa uraia wa mwaka wa tatu alikuwa kijana mwenye bidii, anayeandaa masomo yake kwa uangalifu. Ukutani mwa darasa palikuwa na chati kubwa ya haki za mtoto iliyoandikwa na wanafunzi wenyewe. Ungemsimamisha yeyote kati yao angekutajia mwaka wa Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu (1948) na wa Mkataba wa Haki za Mtoto (1989) bila kusita.

Shule hiyohiyo ilikuwa na desturi ya Jumatatu. Baada ya ukaguzi wa usafi na matangazo, mwalimu wa zamu alipokea karatasi kutoka kwa mhasibu, akasoma majina ya wanafunzi ambao ada au michango yao haijakamilika. Aliyesomwa alitoka kwenye mstari wa darasa lake, akaenda kusimama mbele akiwatazama wenzake mpaka orodha iishe. Kisha wote walirudishwa nyumbani. Hakuna aliyekumbuka ni nani aliyeianzisha desturi hiyo. Nilipouliza sababu, watu watatu kwa nyakati tofauti walinipa jibu moja: inafanya kazi. Mtoto akisimama mbele Jumatatu, mzazi analipa kabla ya Ijumaa.

Jibu hilo halifai kudharauliwa. Walikuwepo walimu wa muda waliolipwa kutokana na michango hiyo, na mwezi ambao michango haikuingia, wao walirudi nyumbani mikono mitupu. Mkuu wa shule hakuwa mtu katili. Alikuwa mtu aliyebanwa, akatumia chombo alichokikuta mahali pake.

## Mambo yalivyotokea

Somo la siku hiyo lilihusu utu na faragha. Mwalimu aliligawa darasa katika vikundi, akakipa kila kikundi ibara moja ya Mkataba wa Haki za Mtoto na kazi moja: tafuteni mfano wa ibara hii ikiheshimiwa au ikivunjwa, mahali mnapopafahamu. Ni zoezi zuri. Mimi mwenyewe huwafundisha walimu walitumie.

Kikundi kimoja kilipata ibara ya 16, inayomlinda mtoto dhidi ya kuingiliwa ovyo katika faragha yake na dhidi ya mashambulizi yasiyo halali juu ya heshima na sifa yake. Msemaji wa kikundi, binti mwenye umri wa miaka kumi na sita, alisimama akasoma mfano wao: kila Jumatatu majina yanasomwa mstarini, na mwanafunzi mmoja wa darasa letu amesimamishwa mbele mara nne muhula huu. Hakumtaja jina, wala hapakuwa na haja, kwa sababu darasa zima lilimjua.

Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mfano huo tuuache. Tutafute mwingine."

Binti akauliza, "Samahani mwalimu, mfano huu una kosa gani?"

Hakujibiwa. Somo liliendelea na kazi za vikundi zikabandikwa ukutani kama kawaida. Siku iliyofuata makamu mkuu alipita darasani, akaisoma karatasi ile, akaibandua. Kikundi kikaitwa ofisini. Waliulizwa nani ameandika, na binti akasema ni yeye. Akaagizwa kuandika barua ya kuomba radhi. Barua hiyo nimeisoma. Ni fupi na ya adabu, inaanza na salamu, inasema anasikitika kama amewaumiza walimu wake. Mwishoni imeongezwa sentensi moja: kwamba ameisoma tena karatasi ya kikundi na hajaona neno ambalo si kweli.

Sentensi hiyo ndiyo iliyochukuliwa kuwa kiburi. Daftari la nidhamu linasema: "Utovu wa heshima kwa walimu. Amesimamishwa masomo siku tano. Arudi na mzazi."

Wengi waliosikia habari hii hudhani binti alikuwa anajitetea. Sivyo. Ada yake ilikuwa imelipwa yote tangu mwanzo wa mwaka na hakuwahi kusomwa hata mara moja. Aliyesimamishwa mara nne ni jirani yake wa dawati. Na jirani huyo alikasirika, lakini hasira yake haikuielekea shule peke yake. Nilipozungumza naye baadaye aliniambia neno moja ambalo nimelibeba tangu siku ile: "Hakuniuliza."

Siku ambayo binti alikuwa bado nyumbani, darasa lilifanya jaribio la uraia. Swali la kwanza lilikuwa lile la miaka yote: "Taja haki tano za mtoto." Wanafunzi wengi waliliacha wazi, ilhali maswali mengine wameyajibu. Hawakuwa wamepanga pamoja, angalau kila niliyemuuliza alikana, na karatasi zenyewe zinaelekea kuthibitisha hivyo kwa sababu kila mmoja ameacha kwa namna yake. Mmoja alichora mstari. Mwingine aliandika haki mbili kisha akazifuta. Mmoja aliandika, "Sina la kutaja."

Mwalimu wa uraia hakuzisahihisha karatasi hizo. Alizipeleka kwa mkuu wa shule, akaziweka mezani.

## Maamuzi, na kwa nini yalifanywa hivyo

Uamuzi wa kwanza wa mkuu ulikuwa wa kutosema kitu kwa siku moja. Ninautaja kwa sababu ulimgharimu. Makamu wake alitaka darasa zima liadhibiwe kwa mgomo. Mkuu alikaa na zile karatasi jioni nzima, na asubuhi akapiga simu kuomba mtu kutoka nje aje awasikilize watu wake. Ndivyo nilivyofika.

Tulikubaliana kuwa na vikao vitatu: walimu peke yao, wanafunzi wa darasa lile peke yao, kisha wazazi waliochaguliwa na wazazi wenzao. Nilipendelea kuanza na wanafunzi. Mkuu alikataa, akasema walimu wakisikia kwamba watoto wamesikilizwa kwanza watakuja kikaoni wamejifunga mikono. Alikuwa sahihi.

Katika kikao cha walimu hoja ya kwanza ilitoka kwa mwalimu wa nidhamu: hakuna haki bila wajibu. Wote waliitikia kwa vichwa. Sikubishana. Niliuliza tu, wajibu wa kulipa ada ni wa nani? Wakajibu, wa mzazi. Basi anayesimama mbele Jumatatu anaadhibiwa kwa wajibu wa nani? Pakawa kimya.

Kisha nikawasomea kutoka Maoni ya Jumla Namba 13 yaliyotolewa mwaka 1999 na Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni. Kamati hiyo husimamia Mkataba wa Kimataifa wa mwaka 1966 ambao ibara yake ya 13 inahusu elimu. Maoni hayo, baada ya kusema kwamba adhabu ya viboko haiendani na utu wa binadamu, yanaongeza kwamba zipo namna nyingine za nidhamu shuleni ambazo nazo zaweza kukiuka utu, na mfano unaotolewa ni kumdhalilisha mtu hadharani. Nilirudia mara mbili, kwa sababu walimu wengi walikuwa wameingia wakiamini kwamba maadamu hakuna fimbo, hakuna tatizo.

Mwalimu mmoja, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, alisimama. Alisema, "Mimi nilisomwa mstarini nikiwa mwanafunzi. Nikasoma, nikafaulu, na leo ni mwalimu. Haikuniua." Akakaa. Baada ya muda akasimama tena bila kuitwa, akasema, "Lakini nakumbuka viatu nilivyovaa siku ile."

Kuanzia hapo kikao kilibadilika. Walimu wakaanza kueleza yao. Ikatokea kwamba katika chumba chao wenyewe palikuwa na karatasi ukutani yenye majina ya walimu waliochelewa kazini, iliyobandikwa na uongozi kila mwisho wa juma. Mwalimu mmoja wa kike alisema kwa uchungu kwamba jina lake lilikaa pale siku tatu, wiki ambayo alikuwa akiuguza mtoto. Nikawakumbusha kwamba walimu nao wana waraka wao, Pendekezo kuhusu Hadhi ya Walimu lililopitishwa na Shirika la Kazi Duniani na UNESCO tarehe 5 Oktoba 1966, siku ambayo sasa huadhimishwa kuwa Siku ya Walimu Duniani. Mkuu wa shule alitoka nje, akarudi na ile karatasi mkononi, akaikunja.

Kikao cha wanafunzi kilikuwa kigumu kuliko nilivyotarajia. Walikuwa tayari kumtetea mwenzao aliyesimamishwa masomo, lakini jirani yake wa dawati alinyamaza muda wote. Alisema neno mwishoni tu, nilipoeleza pendekezo la walimu kwamba badala ya kusoma majina, kila mwanafunzi mwenye deni apewe barua ndani ya bahasha iliyofungwa ampelekee mzazi. Akasema: "Bahasha zitagawiwa wapi?" Darasani, nikajibu. "Basi atakayepewa bahasha ndiye atakayejulikana."

Hapakuwa na mtu mzima hata mmoja, mimi nikiwemo, aliyeliona hilo. Kwa pendekezo lake likapitishwa jambo rahisi: mhasibu awasiliane na mzazi mwenyewe kwa simu, mtoto asiwe tarishi wa deni, na mzazi aitwe kupanga malipo kwa awamu huku mtoto akiendelea kukaa darasani.

Maamuzi yaliyotoka kwa ujumla yalikuwa haya. Usomaji wa majina ukomeshwe tangu Jumatatu iliyofuata. Adhabu ya binti ifutwe, na ukurasa wake katika daftari la nidhamu uwekewe maelezo kwamba imefutwa. Kila darasa liwe na kikao cha nusu saa mara moja kwa wiki mbili, kwa muhtasari ulioandikwa, na uongozi ujibu kwa maandishi kabla ya kikao kinachofuata. Liwekwe sanduku la maoni. Na mkuu wa shule amwombe binti radhi.

Kuhusu hili la mwisho, mkuu aliniuliza afanyeje. Alikuwa tayari kulisema mstarini. Mimi ndiye niliyemshauri alifanye ofisini, mbele ya binti na mama yake tu. Niliona kwamba shule imeyumba, kwamba mkuu akijishusha mbele ya wanafunzi mia kadhaa atapoteza nguvu ya kusimamia mabadiliko yenyewe. Alifuata ushauri wangu. Alimwambia binti, kwa sauti ya chini, kwamba alikosea. Mama alishukuru. Binti alisema, "Asante, mwalimu," akarudi darasani.

## Matokeo baada ya mihula miwili

Majina hayasomwi tena. Mhasibu anasema muhula wa kwanza malipo yalichelewa, kisha wazazi waliopanga awamu wakaanza kulipa kwa ratiba yao. Wapo ambao hawajalipa mpaka leo, na hao, asema, ni walewale ambao hata enzi za mstarini hawakulipa, kwa sababu hawakuwa nacho. Walimu wa muda bado hupata malipo kwa kusuasua. Tatizo la fedha halikutatuliwa na kisa hiki. Lilihamishwa tu kutoka mabegani mwa watoto likarudi mezani kwa watu wazima.

Vikao vya madarasa vimekwenda vizuri katika baadhi ya madarasa na vimekufa katika mengine. Niliposoma mihtasari niliona jinsi yanavyotofautiana. Pale ambapo majibu ya uongozi yaliandikwa, hata yakiwa ya kukataa, wanafunzi waliendelea kuja na hoja. Pale ambapo hoja tatu mfululizo hazikujibiwa, muhtasari wa nne una mstari mmoja: hakuna la kujadili.

Sanduku la maoni halikufanya kazi hata siku moja. Ufunguo wake ulikabidhiwa kwa mwalimu wa nidhamu.

Mwisho wa muhula wa pili, karatasi ya matokeo ya mtihani ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo kama kawaida, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, majina kamili. Nilimuuliza mwalimu wa taaluma kama hakuona kufanana kwa jambo hilo na lile la Jumatatu. Alishangaa kikweli. Lile, alisema, lilikuwa la ada.

Na binti? Alirudi, anafanya kazi zake, alama zake hazijashuka. Ila mwalimu wa uraia anasema hanyooshi mkono tena.

## Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kilichoiokoa shule hii ni kwamba mkuu alizitambua zile karatasi zilizoachwa wazi kuwa maneno. Angeweza kuandika sifuri na kuendelea. Ibara ya 12 ya Mkataba wa Haki za Mtoto inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na upevu wake. Walimu wengi huisoma ibara hiyo kama ruhusa ya kuzungumza. Uzito wake uko kwenye nusu ya pili. Mtoto aliyeruhusiwa kusema na asipimwe alichosema, hajapewa chochote.

Jambo la pili ni kuanza na walimu, na hasa kuanza na majeraha yao. Ni vigumu kumwambia mtu aheshimu utu wa mwingine ilhali wa kwake umebandikwa ukutani kila Ijumaa. Sikulipanga hili. Lilitokea lenyewe kwa sababu ya viatu vya yule mzee. Lakini tangu hapo, kila ninapoitwa shuleni kuzungumzia haki za wanafunzi, naomba kwanza nioneshwe chumba cha walimu.

Tatu, na kwangu hili ndilo lenye uzito zaidi: suluhisho lililofaa lilitoka kwa yule aliyekuwa akisimamishwa. Watu wazima tulibuni bahasha. Aliyesimama mbele mara nne alijua kwamba aibu haiko kwenye sauti ya mwalimu wa zamu. Iko pale wenzako wanapojua. Na hapa ndipo kosa la binti msemaji linapoonekana pia, kosa ambalo halikustahili adhabu lakini lilistahili somo. Alitumia aibu ya rafiki yake kuwa mfano wa kutetea faragha. Alifanya hivyo kwa moyo mwema, na rafiki akaumia mara ya tano. Kama mwalimu angelijibu lile swali, "mfano huu una kosa gani?", hilo ndilo jibu pekee la haki ambalo angeweza kumpa: mfano ni wa kweli, mwanangu, ila tulipaswa kumuuliza mwenyewe kwanza. Lingekuwa somo la faragha ambalo darasa lile lisingelisahau. Woga ulimnyima mwalimu nafasi hiyo, naye anajua. Aliniambia kwamba katika yote yaliyotokea, sentensi inayomrudia usiku ni yake mwenyewe: "Mfano huo tuuache."

## Uchambuzi: kilichoshindikana

Niseme wazi kosa langu. Binti alidhalilishwa hadharani: karatasi yake ilibanduliwa mchana, wenzake wakiona, na kusimamishwa kwake kulitangazwa. Radhi ikatolewa chumbani, mlango umefungwa. Wanafunzi mia kadhaa walioona adhabu hawakuiona radhi. Kwa hiyo walichojifunza ni kwamba aliyeuliza alisimamishwa siku tano, basi. Usomaji wa majina ulikoma, ndiyo, lakini kwa macho yao ulikoma kwa hisani ya uongozi. Hawakuambiwa kwamba mwenzao alikuwa na haki ya kuuliza. Nililinda hadhi ya mkuu, ambaye mwenyewe hakuwa ameniomba nimlinde, nikaiacha ya binti. Simlaumu anaponyamaza darasani.

Karatasi ya matokeo ubaoni nayo inatokana na kosa la namna hiyo. Tulifuta tendo bila kuieleza kanuni. Walimu walielewa kwamba kusoma majina ya wadaiwa kumekatazwa. Hawakuelewa kwamba kilichokatazwa ni kumfanya mtoto kuwa tamasha ili mtu mwingine achukue hatua. Ningeulizwa leo, ningetenga kikao kizima kwa swali moja: ni mambo gani mengine hapa yanafanya kazi kwa nguvu ya aibu? Orodha ingekuwa ndefu, na pengine ingetutisha.

Kuhusu sanduku, sina la kuongeza zaidi ya ufunguo.

## Haki za binadamu katika elimu ni kitu gani, basi

Tamko la Umoja wa Mataifa kuhusu Elimu na Mafunzo ya Haki za Binadamu, lililopitishwa Desemba 2011, linaigawa elimu hii katika sehemu tatu. Ipo elimu kuhusu haki, yaani kuzijua na kuelewa misingi yake. Ipo elimu kupitia haki, yaani kujifunza na kufundisha kwa namna inayoheshimu haki za anayefundishwa na anayefundisha. Na ipo elimu kwa ajili ya haki, yaani kumpa mtu uwezo wa kuzitumia zake na kuziheshimu za wengine. Shule yetu ilikuwa na alama za juu katika sehemu ya kwanza. Ya pili ilivunjwa kila Jumatatu asubuhi. Ya tatu ilipojitokeza, kwa umbo la binti mmoja aliyesimama na karatasi mkononi, iliandikwa kwenye daftari la nidhamu.

Ndiyo maana nasita ninaposikia watu wakisema kwamba shule fulani haifundishi haki za binadamu. Kila shule hufundisha. Namna foleni inavyopangwa, namna mwalimu anavyopokea jibu lisilo sahihi, namna deni linavyodaiwa: yote hayo ni masomo kuhusu thamani ya mtu, na huingia kwa nguvu kuliko chati. Kamati ya Haki za Mtoto iliandika katika Maoni yake ya Jumla ya kwanza kabisa, mwaka 2001, kwamba mtoto hapotezi haki zake kwa kupita lango la shule. Na lango, kwa watoto wengi, ndipo Jumatatu inapoanzia.

Katika vikao vile hoja iliyorudi mara nyingi kuliko zote ilikuwa heshima. Walimu na wazazi walihofia kwamba haki zitaondoa heshima kwa wakubwa. Naichukulia hofu hiyo kwa uzito, na jibu lake limo ndani ya nyaraka zenyewe. Ibara ya 26 ya Tamko la 1948 inasema elimu ielekezwe kwenye kukuza nafsi ya mtu kikamilifu na kuimarisha heshima kwa haki za binadamu. Ibara ya 29 ya Mkataba wa Haki za Mtoto inaongeza malengo mengine, na miongoni mwake ni kumjengea mtoto heshima kwa wazazi wake. Nilipoisoma sehemu hiyo katika kikao cha wazazi, baba mmoja aliomba nirudie. Kisha akasema kwamba mwanawe, baada ya kusimamishwa mbele kwa mara ya pili, aliacha kumsalimia asubuhi. Mtoto hakuichukia shule. Alimchukia baba asiyelipa. Sijui hoja nyingine inayoonesha kwa ufupi zaidi jinsi desturi iliyodhaniwa kulinda heshima ilivyokuwa ikiibomoa nyumbani kwa watu.

Na ule msemo wa hakuna haki bila wajibu? Wajibu upo. Ibara ya 29 ya Tamko la 1948 inasema kila mtu ana wajibu kwa jamii yake, na haki ya mtoto ya kujieleza nayo ina mipaka inayolinda haki na sifa za wengine. Lakini ibara ya 1 inasema binadamu wote huzaliwa huru, wakiwa sawa katika utu na haki. Huzaliwa navyo. Wajibu hauji kwanza kama ada ya kuingilia, ili asiyelipa arudishwe nyumbani. Shule ina haki ya kudai fedha zake, tena kwa uthabiti, na hakuna aliyepinga hilo katika vikao vyote vitatu. Mkataba wa 1966 wenyewe unataka elimu ya sekondari ifanywe bure hatua kwa hatua, ukikiri kwamba haitakuwa bure kila mahali siku moja. Kilichobishaniwa ni mwili wa nani utumike kudai.

## Ilipofikia

Mwalimu wa uraia amebadilisha swali la kwanza la jaribio. Hataki tena zitajwe haki tano. Sasa huuliza: "Eleza uamuzi mmoja uliofanywa shuleni mwaka huu uliokuhusu. Uliulizwa? Kama hukuulizwa, ungesema nini?" Anasema majibu ni mabaya kwa sarufi na marefu kuliko zamani, na kwamba anayasoma yote.

Karatasi za matokeo bado zinabandikwa. Suala hilo limewekwa kwenye ajenda ya kikao kijacho cha walimu, na mwalimu wa taaluma ameomba nimpelekee ile sehemu ya Maoni ya Jumla Namba 13 ili aisome mwenyewe.

Nilirudi kwa mkuu wa shule nikamwambia kwamba nilimshauri vibaya, na kwamba ile radhi ilipaswa kutolewa mahali adhabu ilipoonekana. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakusema ndiyo wala hapana. Aliuliza kama binti mwenyewe angependa hivyo, au angeona ni kumsimamisha mbele kwa mara nyingine. Nikamwambia sijui, tumuulize. Ameahidi kumuuliza. Binti amebakiza muhula mmoja amalize shule.